Kanga Isiyo na Mwenzake

Mama yangu ana kanga moja isiyo na mwenzake. Wenye kanga wenzangu mnajua hilo ni jambo la ajabu kiasi gani. Kanga hununuliwa doti, mbili zimeshikana, ukazikata na kuzipinda, moja ukajifunga, moja ukajitanda. Ikipotea moja, iliyobaki haina heshima tena: huwa tambara la jikoni au nepi ya mjukuu. Ya mama haikuwa tambara hata siku moja. Imekaa kabatini kwake Tooting miaka yote hii, imekunjwa vizuri, imefukizwa udi, nyekundu yenye korosho nyeupe na pindo jeusi. Ukimwuliza ya pili iko wapi, hujibu, "Ilipotea kwenye kufuliwa, huko Ufaransa," kisha hukuuliza kama umekula. Uongo huo hakuutunga yeye. Tuliutunga mimi na mama mdogo, nami nilijiona hodari sana kwa kuutunza.

Wiki iliyopita mama alinipigia simu nikiwa kazini Stratford, akaniambia nikitoka nipite kwake. Nilipofika niliikuta ile kanga mezani. Nikaiinua nikainusa, kama ninavyofanya kila mara. Chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, ya maji yaliyotuama chini ya majani yaliyooza, na wallahi mwili ulinisisimka. Kanga hii haijawahi kutoka London. Iliyosafiri ilikuwa mwenzake, na aliyekwenda nayo ni mimi.

Nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, meno ya mbele ndiyo kwanza yamemaliza kuota. Tuliishi Tooting hiyohiyo, mimi na mama, juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja mzaliwa wa Kisumu aliyependa kututania kwa Kiswahili chake. Baba alikuwa ameshajiendea zake. Mama alifanya kazi ya usafi hospitalini, na siku moja akabaki hospitali hiyohiyo, safari hii kama mgonjwa. Figo, walisema. Mimi figo nilizijua za buchani tu, zile nyekundu zinazong'aa kwenye sinia. Kwa hiyo nilielewa kwamba ndani ya mama mna nyama, na nyama hiyo imeharibika. Sikumwuliza mtu. Niliona aibu kwa niaba yake.

Mama mdogo Saumu, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyekuja kunichukua. Yeye ni mwanamke wa Tanga kama mama, ila alikuwa ameolewa na Mfaransa, Baba mdogo Rene, fundi wa mapaa, mtu mrefu mwenye masharubu na maneno machache. Walikuwa wakiishi Limousin, upande wa katikati ya Ufaransa, mbali na bahari na mbali na kila kitu. Siku ya kuondoka tulipitia hospitali. Mama alikuwa na doti yake mpya, ile nyekundu. Akaikata palepale kitandani kwa mkasi wa nesi, moja akajifunika miguu, moja akanipa.

"Ukijifunika wewe, na mimi nimejifunika," akaniambia. "Hii yako ndiyo mimi. Nitunze."

Watu wazima husema maneno kama hayo ili mtoto asilie, halafu wanasahau. Mtoto huyachukua kama yalivyo.

Nchi ile ilikuwa kijani mpaka inachosha macho. Vilima vifupi, mabwawa meusi yasiyo na hata kiwimbi, mawe makubwa ya kijivu yamelala mashambani, na ng'ombe wekundu waliogeuza vichwa wote pamoja kutazama gari letu likipita. Tulivuka vijiji ambavyo madirisha yote yalikuwa yamefungwa mchana kweupe na nje hakuna mtu, hakuna kuku, ila saa ya kanisa ikigonga. "Watu wako wapi?" nilimwuliza mama mdogo. "Wamo," akasema. Mimi mtoto wa Tooting, wa mabasi na harufu ya bizari, nilikuwa sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka bwawani hadi kwenye dirisha langu ukakaa pale, nami sikuthubutu kufungua kioo.

Nyumbani alikuwepo mama yake Baba mdogo, ambaye kila mtu alimwita Memé, yaani bibi tu. Alikuwa mdogo wa umbo, amevaa aproni nyeusi, mikono yake inanuka moshi. Hatukuwa na lugha ya kuongea, yeye na mimi. Lugha yake kwangu ilikuwa chakula. Alinipikia viazi vilivyofunikwa kwa ganda la unga na kumiminiwa malai, chapati nyeusi za unga ambao sikuujua zilizotobokatoboka kama sifongo, na mkate wa mayai uliojaa cheri pamoja na mbegu zake, kwa sababu, alisema, ukizitoa mbegu utamu nao unatoka. Mama mdogo alikuwa akiingiza pua kwenye kila sufuria. "Memé, nguruwe?" Memé anaapa, mkono kifuani, hakuna. Halafu unakuta kipande kinaelea! Mama mdogo anapiga kelele, Memé anacheka hadi anashika ubavu, na sufuria nyingine inabandikwa. Na kila mtu mle ndani aliniambia neno lilelile: kula, Rukia, kula ukue.

Nami nilikula jamani. Mtoto mwenye huzuni hula ama hali kabisa, na mimi mwanzoni nilikuwa wa kula.

Safari ya kwanza ilikuwa wakati wa cheri. Tulikwenda mji mdogo wenye daraja la mawe na soko chini ya paa la mbao. Mama mdogo alininunulia kila nilichonyooshea kidole: asali, jibini iliyoviringishwa majani, mkate mtamu wa umbo la jua. Nilijiona kama bibi harusi. Wakati wa kurudi, Baba mdogo alisimamisha gari mahali barabara inapoingia msituni. Memé na mama mdogo wakashuka, wakashika kijia wakapotea katikati ya miti. Mimi nikabaki na kapu la chakula.

"Wanakwenda wapi?"

"Kuchota maji," akasema Baba mdogo, kwa Kiswahili chake cha kuokota.

Hawakuwa na ndoo. Walikaa huko muda mrefu, nami nikala jibini yote. Waliporudi viatu vyao vilikuwa vimelowa na mikono ya mama mdogo imekuwa myekundu kwa baridi, na hakunitazama. Jioni ile nilipojifunika kanga ya mama, vidole vya miguu vikatokeza nje.

"Umerefuka," akasema mama mdogo, akaniwekea blanketi. "Chakula cha Memé hicho."

Nikafurahi. Nilidhani nikirudi nyumbani mama atashangaa.

Baada ya hapo tukawa watu wa safari. Kila mji ulikuwa na chakula chake. Kulikuwa na mji wa kando ya mto ambako watu walitengeneza ngozi, mto wenyewe unanuka, na tukala samaki waliokaangwa kwa siagi. Kulikuwa na mji juu ya kilima wenye milango mifupi kiasi kwamba Baba mdogo aliinama kama anayerukuu, na pale nilikula matunda madogo meusi yaliyonigeuza ulimi wote zambarau. Na kila safari, wakati wa kurudi, gari lilisimama mahali pasipo na nyumba. Mara msituni, mara kwenye shamba lenye maji maji, mara nyuma ya kanisa lisilo na mlango. Wanawake wawili walishuka, wakarudi na mikono ya baridi. Na kila baada ya safari kanga ya mama ilikuwa fupi zaidi.

Hapo ndipo paliponitisha. Haikuwa imechanika. Nilikuwa mtoto wa juu ya duka la vitambaa, nilijua kanga iliyokatwa ikoje: ingekosa pindo upande mmoja. Hii mapindo yake yote manne yalikuwepo, maua yake yapo, jina lake la kumtakia mtu heri lipo palepale katikati. Ilikuwa nzima kabisa, ila ndogo. Ilinifika kwenye vifundo, kisha kwenye magoti. Mimi nilikuwa siwezi kurefuka kiasi hicho hata ningekula ng'ombe mwekundu mzima. Si mimi niliyekua. Mama ndiye aliyekuwa anapungua.

Kwenye simu ilikuwa vilevile. Mwanzoni sauti yake ilijaa, akaniuliza nimeshajua kusema nini Kifaransa. Baadaye ikawa nyembamba, anasema kidogo, anapumua, anasema tena. Kisha ikafika siku simu haikuletwa sikioni mwangu. "Mama amelala," akasema mama mdogo. Kesho yake pia amelala. Nikamsikia akimwambia mumewe jikoni, "Wataitoa hiyo figo," akaziba mdomo kwa upindo wa mtandio wake.

Siku iliyofuata walinipeleka Limoges, mji mkubwa wa kule, eti nichangamke. Tuliona sahani nyeupe nyembamba ambazo ukizishika kwenye mwanga unaona kivuli cha vidole vyako kwa upande wa pili. Tukapita mtaa wa wachinjaji wa zamani, nyumba za mbao zilizoinamiana, na katikati yake kanisa dogo la wachinjaji wenyewe. Memé alitaka kuwasha mshumaa. Ndani palikuwa na giza na harufu ya nta. Nikainua macho nikaona sanamu ya mwanamke amempakata mtoto, na mtoto ameshika kitu anakila.

"Anakula nini?" nikamwuliza Baba mdogo.

Akatafuta neno kwa muda. Kisha akajigusa mgongoni, upande wa chini. "Figo," akasema. "Wachinjaji, zamani, waliwapa watoto figo. Ni chakula kizuri kwa mtoto."

Yule mwanamke wa sanamu alikuwa anatabasamu. Mambo yote yalikaa mahali pake palepale kanisani: kila tukienda mji nakula, kila nikila kanga inapungua, kanga ndiyo mama, na mama sasa amebakiza figo moja. Nyingine nimeshaila mimi. Huyu mtoto wa sanamu anajua, na mama yake amemsamehe, ndiyo maana anatabasamu. Lakini ataisha.

Nikaacha kula.

Si kazi ndogo kuacha kula kwenye nyumba yenye Memé. Nilijifunza kutia tonge mdomoni na kulihifadhi shavuni mpaka nifike bandani kwa kuku. Nilijifunza kukwangua sahani kwa uma ili isikike kama nakula. Nilijiambia kanga ikiacha kupungua, mama atapona, na ni kweli, siku kadhaa haikupungua, kwa sababu mvua ilitufungia ndani tusisafiri. Nikaona dawa nimeipata. Shule ilipofunguliwa wakaniingiza ya kijijini, na huko sikujua lugha ya kutosha kuulizwa chochote. Njaa ikinibana nilinywa maji.

Alasiri moja ya mvua nilirudi mapema, nikawakuta jikoni. Hawakunisikia. Memé alikuwa amechutama mbele ya moto na koleo mkononi, bakuli la maji liko sakafuni. Alichukua kaa la moto, akataja jina nisilolijua, akalidondosha majini. Shhh. Likaelea. Akachukua jingine, akataja jina jingine. Shhh. Mama mdogo alikuwa amepiga magoti pembeni, mtandio umemwanguka mabegani, macho hayatoki kwenye bakuli. Kisha kaa moja likazama. Lilikwenda moja kwa moja hadi chini, jeusi, na Memé akasema, "Mwanaidi."

Hilo ni jina la mama yangu. Sikuwahi kulisikia kwenye kinywa cha Memé, na alilitamka polepole, kama mtu anayemwita mwenzake aliyeko chumba cha pili. Nilirudi nyuma hadi nje, nikasimama mvuani. Kesho yake walisafiri bila mimi, na waliporudi kanga haikunifika tena mapajani. Sikuwa nimekula kitu. Nikaona kumbe nimechelewa, mama ameshaanza kuisha mwenyewe.

Zikaja zile kokwa za kahawia za mitini, hizi zinazochomwa kando ya barabara hapa London wakati wa baridi. Kule zilianguka zenyewe usiku na mchana, ndani ya maganda yenye miiba. Tulikuwa tunaziokota bondeni, mimi na Memé, ndipo miti ikaanza kuzunguka. Nilizinduka kitandani. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye kiti, amenishika mkono, analia bila sauti. Nikageuza uso ukutani, nikaliona gauni langu la shule ya Tooting, lile la bluu, limetundikwa msumarini. Nilikuwa nalijua kama ninavyoyajua magoti yangu. Upindo wake upo. Lakini lilikuwa fupi.

Lo! Nikajua zamu yangu imefika.

Asubuhi yake Baba mdogo alinibeba. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia Memé akikohoa mbele yetu bila kumwona. Gari liliachwa barabarani, tukashuka kijia chenye majani marefu yaliyonilowesha miguu. Hakuna ndege aliyelia. Kisha nikasikia maji, kidogo sana, kama mtu anayenong'ona akiwa amekupa mgongo.

Palikuwa na shimo la mawe, maji meusi yametulia ndani, na juu yake msalaba wa chuma. Msalaba wote ulikuwa umevaa nguo. Soksi za watoto wachanga. Vitambaa vya kufutia mate. Mkono wa shati la mwanamume. Sidiria. Soli ya kiatu kidogo. Vingine vipya, vingine vimekuwa kijani, vinadondoka vipande vipande, na vyote vinachuruzika maji. Na katikati yake, chekundu, chenye korosho nyeupe, palikuwa na kipande cha mama yangu. Na kando yake kipande kipya cha bluu, changu.

Nilipiga ukelele nisioujua kuwa ninao.

"Mama amekufa! Mmemweka hapa!"

"Astaghfirullah!" Mama mdogo alinipokonya kutoka mikononi mwa mumewe, tukaanguka wote majanini. "Hajafa! Rukia, nitazame. Nitazame mimi. Mama yako hajafa. Nani kakwambia amekufa?"

"Mnamkata."

Akatazama msalaba, akanitazama, na nikaona uso wake unaelewa jambo taratibu. Hapo ndipo aliponieleza, kwa haraka na kwa aibu, akiwa amekaa kwenye tope na koti lake zuri. Kule kwao Memé, alisema, kila chemchemi ina walii wake, na kila walii ana kiungo chake anachokiangalia. Mtu akiugua asipone, makaa ya moto huulizwa ni yupi anayemdai, na kwenye maji ya huyo hupelekwa nguo ya mgonjwa, ichovywe, ifungwe pale, iachwe ioze. Ikioza na ugonjwa umeoza. Kwa mama makaa hayakutaka mmoja. Kila wakiuliza, yalizama kwa jina jingine.

"Ndiyo maana tulizunguka nchi nzima," akasema. "Nikakununulia vitamu ili udhani ni matembezi. Nguo yake niliyokuwa nayo ni hiyo tu. Nikafumua pindo, nikakata ndani, nikalishona tena, ili usione." Alikuwa fundi cherehani, mama mdogo, pindo lake hata fundi mwenzake asingelijua. "Nimesoma Yasini mpaka sauti imekauka. Nimesali sala zote ninazozijua. Halafu huyu mama akaniambia ana njia. Ningefanyaje? Ni dada yangu. Usimwambie, Rukia. Atanichukia. Atasema nimeabudu visima."

Memé alichota maji kwa kiganja akaninywesha. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Sikumwambia mama mdogo habari ya kula. Nilisema tu, "Nataka kuongea na mama. Peke yangu."

Sijui alimwomba nani kule hospitalini, lakini siku hiyohiyo simu ilipatikana. Nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango.

"Rukia?" Sauti ilikuwa kama uzi. Nyuma yake mashine ilikuwa inalia pii, pii.

"Mama, ni mimi ninayekula."

"Unakula nini, mwanangu?"

"Wewe."

Nikamweleza yote kwa kunong'ona. Kanga inayopungua ilhali mapindo yake yote yapo. Mtoto wa kanisani na figo mkononi. Nilivyoacha kula na bado haikusaidia. Habari ya maji na msalaba sikuitaja, maana mama mdogo alikuwa amenikataza. Ile mashine ikaendelea kulia, nikadhani amelala tena. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka.

"Usinichekeshe, nina mshono," akasema. "Sikiliza. Figo yangu wameitoa madaktari. Ilikuwa mbovu, wameitupa. Hujaila wewe. Nenda ukale, Rukia. Ukilala na njaa mimi ndiye nitakayeumwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Na mwambie Saumu hayo maji ya huko ni baridi mno. Miguu inaniganda."

Nilitoka stoo nikapeleka salamu kama nilivyopewa, nikiwa nimeshaanza kuutazama mkate uliokuwa mezani. "Mama anasema maji ya huko ni baridi mno, miguu inamganda." Mama mdogo alikuwa amesimama. Akaegemea ukuta, akashuka nao taratibu hadi sakafuni. Memé akauliza kuna nini, akatafsiriwa. Hakushangaa hata kidogo. Alitikisa kichwa, akavuta kapu, akaendelea kumenya kokwa zake. Nami nikala. Nilikula mpaka Baba mdogo akaweka uma chini anitazame.

Watu wameniambia ni dawa za usingizi, mgonjwa aliyepasuliwa husema mengi. Pengine. Mama alipona, nikarudi Tooting na kipande cha kanga kisichotosha hata kitambaa cha mkono, na njiani mama mdogo akakizika kwenye debe la taka la stesheni. Mama akauliza mlangoni, "Na kanga yangu?" Mama mdogo akasema imepotea kwenye kufuliwa. Mama akamtazama mdogo wake kwa muda. "Haya," akasema. "Karibuni ndani, chakula kinapoa."

Sasa ni mama mdogo anayeumwa. Figo hizohizo, kana kwamba ugonjwa ulipotea njia ukarudi kwa mdogo mtu. Baba mdogo Rene alimpigia mama wiki hiyo, mzee wa watu, analia kama mtoto. Memé alishafariki zamani na hakuna wa kuuliza makaa. Ndiyo sababu niliitwa, na ndiyo sababu kanga ile ilikuwa mezani, na kando yake mkasi na sahani ya wali iliyofunikwa.

"Unaikumbuka njia ya kwenye yale maji?" mama akauliza.

Mama yangu amehiji. Mtu akisoma nyota redioni huzima redio. Nilijaribu kuutetea uongo wangu mpaka mwisho. "Maji gani, mama?"

"Rukia, usinifanye mtoto. Wewe mwenyewe uliniambia. Nimelala pale nina mrija puani, mtoto ananinong'oneza kanga yangu inapungua na mapindo yote yapo. Nani duniani anaweza kuipunguza kanga asiguse pindo? Si Saumu? Sikujua anaipeleka wapi. Lakini miguu yangu ilijua. Kila mara ilikuwa inalowa."

"Mbona hukusema, miaka yote hii?"

"Nimwumbue? Mtu aliacha haya yake mlangoni kwa ajili yangu, halafu nimwulize kanga?" Akaisogeza mbele yangu. "Hii amejifunika kila alipokuja kunitembelea, hata Idi iliyopita. Ni nguo yake kama ilivyo yangu. Mungu ananijua. Na hayo maji ni ya kwake. Tiketi za treni nimeshamwambia mtu anikatie, zetu wawili. Kwanza kula."

Nilikula, ananitazama. Kisha nikashika mkasi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonijibu kwa Kiingereza na kunizidi kimo, lakini nikabaki naipima ile kanga kwa macho, kutoka pindo hadi pindo, kama nilivyokuwa nikiipima kitandani kule. Ile harufu ya maji ilikuwa imejaa chumba kizima. Sikutaka kuuliza nilichouliza.

"Hatapungua mama mdogo?"

Mama akaweka mkono ubavuni, pale penye kovu.

"Mimi nimepungua?" akasema. "Kata."